Adhabu ya Injini Inamwangukia Asiyehusika

Novemba 2023, dakika chache tu baada ya mazoezi ya kwanza ya Langalanga (Formula 1) kuanza mjini Las Vegas, kifuniko cha chuma cha tundu la maji kilichomoka barabarani na Ferrari ya Carlos Sainz ikapita juu yake kwa kasi. Kwetu Mombasa ilikuwa Ijumaa asubuhi. Watu hawajamaliza chai na mahamri, picha za gari lile lililochanika chini zimeshafika kwenye simu. Bodi ya gari iliharibika, injini ikaharibika, betri na kompyuta inayoongoza umeme wake pia. Sainz hakuwa amegonga mtu wala kuvunja kanuni yoyote. Barabara ndiyo iliyomvunjia gari.

Ferrari iliomba iruhusiwe kufunga betri mpya bila adhabu. Wasimamizi wa mbio wakakataa, na sababu waliyoitoa ndiyo inayoniuma hadi leo. Walisema kanuni inawalazimu kuadhibu, na kwamba lau wangekuwa na mamlaka ya kusamehe katika hali ile isiyo ya kawaida, wangesamehe. Betri mpya ilikuwa imevuka mgao wa msimu, yaani idadi ya vipande vya injini ambayo kila dereva anaruhusiwa, kwa hiyo Sainz akarudishwa nafasi 10 kwenye gridi, ule mpangilio wa kuanzia mbio. Kwenye kufuzu, kule kushindania nafasi za kuanzia, alikuwa wa 2, akaanza wa 12, akamaliza wa 6.

Esteban Ocon wa Alpine alikanyaga kifuniko kilekile. Gari lake lilipata bodi mpya, na kwa kuwa bodi haihesabiwi kwenye mgao, hakuadhibiwa. Akamaliza wa 4. Msimu ulipofungwa, Mercedes walikuwa na pointi 409 na Ferrari 406. Nafasi ya 4 inalipa pointi 12, ya 6 inalipa 8. Piga hesabu mwenyewe: pointi 4 tu zingeipeleka Ferrari nafasi ya pili kwenye ubingwa wa timu, nafasi ambayo hubeba mgao mkubwa zaidi wa fedha za zawadi.

Naandika haya kwa sababu kila adhabu ya injini inapotangazwa, wapenzi wa mchezo huu hapa mjini hugawanyika palepale. Kuna wanaosema sheria ni sheria, na kuna wanaosema dereva kaonewa. Mimi nasimama mahali ambapo pande zote mbili hazipendi sana. Mgao wa injini ni jambo la haki na lazima ubaki. Ila adhabu ya kumrudisha dereva nyuma kwenye gridi inampiga mtu asiyehusika. Na kwa timu zenye nguvu imeshakoma kuwa adhabu, imekuwa bei. Mwenye gari bora analipa na kuondoka na kitu kipya. Mwenye gari dhaifu analipa na kubaki palepale.

Kwanza tuelewane mgao wenyewe ni nini. Zamani timu kubwa ziliweza kufunga injini moja ya kufuzu siku ya Jumamosi, injini iliyotengenezwa idumu mizunguko michache, kisha nyingine ya mbio Jumapili. Fedha zilikuwa zikiungua. Mwaka 2004 ikaamuliwa injini moja idumu wikendi nzima, na 2005 idumu wikendi mbili, atakayebadilisha kabla ya wakati anarudi nafasi 10. Mwaka 2009 kila dereva alipewa injini 8 kwa msimu mzima. Zilipokuja injini za V6 za lita 1.6 zenye tabo na umeme mwaka 2014, mgao ukashuka hadi 5, na kufikia 2018 ukawa 3 tu. Siku hizi kila kipande kinahesabiwa peke yake: injini ya mafuta, tabo, mota ya umeme, betri, kompyuta. Ukivuka mgao wa kipande kwa mara ya kwanza ni nafasi 10, ukirudia kipande hichohicho ni 5. Nafasi zikijumlishwa na kuzidi 15, unaanzia mwisho.

Nia ilikuwa njema. Bila mgao, timu zenye fedha zingefunga injini mpya kila Jumapili na timu ndogo zingekufa. Sijasikia hoja ya maana inayopinga hilo. Ninachokipinga ni mahali pigo linapotua.

Hoja nzito zaidi ya wanaoitetea adhabu hii nimeisikia mara nyingi, na mara nyingi kwa fundi mmoja wa Shimanzi ambaye maisha yake yote yamo ndani ya injini za dizeli. Anasema dereva na gari ni kitu kimoja. Injini ikipasuka katikati ya mbio, dereva anapoteza pointi na hakuna anayelia kwamba kaonewa. Sasa kwa nini alie akirudishwa nyuma kwenye gridi? Hoja hii ina uzito zaidi huku kwetu, kwa sababu tumelelewa na Safari Rally. Safari ya enzi zile, ile iliyokuwa ikishuka hadi Pwani na kupita vumbi la Taru, iliheshimiwa kwa sababu ilipima chuma sawasawa na ilivyompima mtu. Joginder Singh alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, na hakuna aliyewahi kusema walibahatika kupata magari yasiyoharibika. Kulifikisha gari mwisho kulikuwa sehemu ya ufundi wao.

Naikubali nusu ya hoja hiyo. Injini inayokufa kwenye mbio ni sehemu ya mbio, na anayeipoteza amepoteza. Tatizo ni kwamba adhabu ya gridi inakuja baadaye, kwenye mbio nyingine, kumtoza mtu yuleyule kwa kifo kilekile. Mwaka 2022 Charles Leclerc alikuwa akiongoza Uhispania, injini ikamkatikia. Zikafuata Monaco na Azerbaijan, na kule Baku, Azerbaijan, akiwa anaongoza tena, injini ikafuka moshi. Mara mbili aliondoka bila pointi hata moja. Kisha akaenda Kanada, na kwa kuwa Ferrari ilikuwa imeishiwa na mgao, akaanzia nafasi ya 19. Akapambana hadi wa 5. Mbio zile tatu za Uhispania, Azerbaijan na Kanada zote alizishinda Max Verstappen. Ningependa mtu anieleze Leclerc alifanya kosa gani ambalo mbio mbili za mwanzo hazikuwa zimeshamtoza.

Wengine watajibu kwamba mguu wa dereva ndio unaochosha injini. Kwa lori la Changamwe ni kweli kabisa, na kwa Safari ya zamani ilikuwa kweli. Kwenye Langalanga ya leo ukweli huo umebaki mdogo. Tangu mbio za Italia za 2020, FIA, shirikisho linalosimamia mchezo huu, ililazimisha injini ya mafuta iendeshwe kwa mpangilio mmoja kuanzia kufuzu hadi mwisho wa mbio, ili kuua ile nguvu ya ziada ambayo Mercedes walikuwa wakiifungua Jumamosi. Uamuzi wa mpangilio upi utumike, injini ipi itoke ghalani wikendi ipi, na iendeshwe kilomita ngapi kabla ya kustaafishwa, unafanywa na wahandisi wenye kompyuta zao. Dereva anaweza kuachia mafuta mapema kabla ya kona na kupoza gari anapoambiwa. Zaidi ya hapo, injini si yake.

Tazama matatu za Bamburi na Mtwapa. Injini ya gari ikifa, mwenye gari ndiye anayekwenda kutafuta injini ya Japani, na dereva anaumia kwa sababu siku zile hakuna kazi na hakuna anachobakiza baada ya hesabu. Hayo yanaeleweka. Lakini gari likirudi barabarani na injini mpya, hakuna steji inayomwambia dereva akae mwisho wa foleni kwa sababu tajiri wake alinunua injini. Akiambiwa hivyo, steji nzima itasimama kumtetea.

Ugonjwa huu haumo kwenye Langalanga peke yake. Ott Tänak, ambaye mashabiki wa Safari ya Naivasha wanamjua vizuri, alikwenda kwenye mbio za nyumbani kwao Estonia mwaka 2023 akiwa na Ford. Injini ikaleta matatizo kabla ya mashindano kuanza rasmi, ikabidi ibadilishwe, na kanuni za rali zikamwongezea dakika 5. Katika mchezo ambao ushindi huamuliwa kwa sekunde, mbio zake ziliisha kabla hajaanza hatua ya kwanza. Watu waliolipa tiketi kumwona mtoto wao wakaambulia kumwona akipita.

Sasa nirudi kwenye neno nililolitumia hapo juu, bei. Hapa ndipo ushahidi ulipo mwingi kuliko kwingine kote.

Msimu wa 2021, Verstappen na Lewis Hamilton wakigombania kila pointi, Red Bull walifika Sochi wakiwa tayari na adhabu ya nafasi 3 iliyotokana na ajali ya Monza. Wakaona kwa kuwa wanarudi nyuma hata hivyo, wafunge injini ya nne na waanzie mwisho kabisa. Verstappen alianza wa 20, akamaliza wa 2. Novemba ya mwaka huohuo kule São Paulo, Mercedes wakampa Hamilton injini ya mafuta ya tano. Adhabu ilikuwa nafasi 5. Juu yake akafutiwa matokeo ya kufuzu kwa sababu ya bawa la nyuma, akaanzia mwisho kwenye mbio fupi za Jumamosi, akapanda hadi wa 5, adhabu ya injini ikamshusha hadi wa 10, na Jumapili akashinda. Sitaki kumpunguzia Hamilton hata chembe. Wikendi ile ilikuwa miongoni mwa kazi kubwa nilizowahi kuziona. Lakini tuseme ukweli: injini mpya ilimpa kasi kwenye mistari iliyonyooka, na Mercedes walijua kwamba nafasi 5 ni gharama nafuu kwa kasi ile.

Mwaka uliofuata pale Spa, Ubelgiji, Verstappen alianza wa 14 kwa adhabu na akashinda kana kwamba gridi haikuwepo. Mwaka 2024 São Paulo alirudishwa nafasi 5, akaanza wa 17, akashinda tena, ingawa siku hiyo mvua na bendera nyekundu iliyosimamisha mbio vilimsaidia. Mwaka 2025, mjini humohumo, alitolewa kwenye hatua ya kwanza ya kufuzu. Red Bull wakabadilisha injini, wakamwanzisha kwenye njia ya gereji, nyuma ya gridi nzima, naye akamaliza wa 3. Safari hii bosi wa McLaren, Andrea Stella, aliuliza hadharani kama gharama ya injini ile inaingia kwenye kikomo cha matumizi cha timu. Swali lake lilikuwa zito. Tangu 2023 watengenezaji wa injini nao wana kikomo chao, kilichopangwa kuanzia dola milioni 95 kwa mwaka. Ikiwa mtu anaweza kufunga injini mpya kwa ajili ya kutafuta kasi tu, bila chochote kuharibika, na gharama isionekane popote, basi mgao wote hauna maana.

Weka hayo mkabala na McLaren ya 2015. Honda walikuwa wamerudi kwenye mchezo na injini isiyodumu. Walipofika Spa, Fernando Alonso na Jenson Button walipewa adhabu zilizojumlika kuwa nafasi 105. Gridi ilikuwa na magari 20. Mabingwa wawili wa dunia wakaanzia mwisho, na kwa kuwa gari lao lilikuwa likianzia karibu na mwisho hata bila adhabu, hukumu ile haikubadilisha lolote zaidi ya kuwadhalilisha. Namba ya 105 ilichapishwa dunia nzima kama kichekesho. Mimi naiona kama kipimo cha kanuni iliyopoteza uhusiano wote na kile inachokipima.

Kwa hiyo nani hasa anaumia? Ni yule wa katikati. Dereva mwenye gari la kuanzia nafasi ya 8, ambaye kazi ya mwaka mzima ni kupata pointi 4 hapa na 2 pale. Huyo akirudishwa nafasi 10, Jumapili yake imekwisha, kwa sababu gari lake halina nguvu ya kupita watu 10. Adhabu moja, iliyoandikwa kwa maneno yaleyale, ni mwiba kwa mmoja na ni jiwe la kinu kwa mwingine.

Kuna na shabiki pia. Monza 2022, madereva 9 walikuwa na adhabu za aina mbalimbali. Kufuzu kulipokwisha hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika nani anaanza wapi. Timu zenyewe zilikuwa zikipiga hesabu tofauti na gridi rasmi ikachelewa kutoka. Sisi mbio za Ulaya tunazitazama Jumapili saa kumi alasiri, na kufuzu Jumamosi. Ukimwalika mtu mgeni atazame kufuzu, akamwona dereva akishinda kwa jasho, kisha kesho yake akamwona yuleyule yuko nyuma, utamweleza nini?

Nataka pia kuonyesha kwamba kanuni ya aina hii huwafundisha watu hila. Mwaka 2005, ilipokuwa anayeshindwa kumaliza mbio anaruhusiwa injini mpya bila adhabu, magari mawili ya timu ya BAR yaliingia gereji mwishoni kabisa mwa mbio za Australia ili yahesabiwe hayakumaliza. Mwanya ukazibwa haraka. Mwaka 2012 pale Austin, Ferrari walivunja kwa makusudi lakiri ya gia boksi ya Felipe Massa, ambayo haikuwa na ubovu, ili arudi nafasi 5 na Alonso asogee mbele nafasi moja, upande wa barabara ulio safi. Kila kitu kilikuwa halali. Massa alikuwa amemshinda mwenzake kwenye kufuzu kwa jasho lake, na adhabu iliyobuniwa kuzuia ufujaji wa mali ikatumika kumnyang'anya.

Kisa hiki ndicho kinachonifanya nisikubali pendekezo rahisi la kutenganisha injini iliyokufa yenyewe na injini iliyobadilishwa kwa hiari. Linasikika vizuri, lakini nani ataamua? Timu italeta michoro ya kompyuta ikionyesha kwamba injini ilikuwa karibu kufa, na wasimamizi watakesha wakibishana na wahandisi 50. FIA walichagua adhabu isiyouliza sababu ili waepuke kesi za namna hiyo, na hapo siwalaumu. Kanuni isiyouliza sababu inaweza kubaki. Ihamishwe tu kutoka kwenye gridi ya dereva hadi kwenye pointi za timu na za mtengenezaji.

Kwamba kosa la kiwanda humwangukia dereva si jambo la kubuni. Marekani, kwenye mbio za IndyCar za Long Beach mwaka 2012, Chevrolet waliamua kubadilisha injini zote 11 za madereva wao, na kila dereva akarudi nafasi 10. Ryan Briscoe aliyekuwa na muda bora wa kufuzu akaporomoka pamoja na wenzake. Uamuzi mmoja wa kiwanda kimoja ukaigeuza gridi nzima. Will Power alianza wa 12 kwa sababu hiyo na akashinda, jambo linalotukumbusha tena kwamba adhabu haimgusi mwenye nguvu.

Mfano mzuri wa kumtoza mwenye kosa unatoka kwenye pikipiki. Mwaka 2020 iligundulika kwamba injini za Yamaha kwenye mbio za kwanza za MotoGP za Jerez zilikuwa na vali zisizolingana na zile zilizosajiliwa. Adhabu ilipotoka Novemba, Yamaha walikatwa pointi 50 kwenye ubingwa wa watengenezaji, na timu mbili zilizotumia injini zile zikakatwa pointi zao za timu. Waendeshaji hawakuguswa, Fabio Quartararo alibaki na pointi 25 za ushindi wake. Wapo waliokasirika wakisema amefaidika na injini isiyo halali, na hasira yao naielewa. Lakini tazama kilichompata aliyefanya kosa. Ducati walitwaa ubingwa wa watengenezaji kwa pointi 221, Yamaha wakiwa na 204. Zile 50 ndizo zilizowanyima ubingwa. Kiwanda kilikosea, kiwanda kikalipa, na kililipa mahali panapouma.

Sasa tuichukue njia hiyo tuijaribu kwenye msimu wa 2021 wa Langalanga, ambao ulikuwa mkali kuliko wowote wa karibuni. Tuseme kila injini ya mafuta inayovuka mgao wa 3 inaikata timu pointi 10, na gridi haiguswi. Mercedes walimaliza na 613.5, Red Bull 585.5, tofauti ya 28. Hamilton alitumia injini 5 na Valtteri Bottas 6, kwa hiyo Mercedes walivuka mara tano: pointi 50. Verstappen alitumia 4 na Sergio Pérez 4: pointi 20. Toa. Mercedes wanabaki na 563.5, Red Bull 565.5. Ubingwa wa timu unahama.

Najua msimu hauwezi kurudiwa kwa karatasi na kalamu. Kama kanuni hiyo ingekuwepo, Mercedes wasingembadilishia Bottas injini tatu za ziada ndani ya wiki chache kama walivyofanya kuanzia Monza hadi Austin. Lakini hilo ndilo ninalolitaka! Wangefikiri mara mbili. Bosi wa timu angekaa chini na kujiuliza kama kasi ya leo ina thamani ya pointi 10 za mwisho wa mwaka, badala ya kumtuma Bottas nyuma ya gridi na kuendelea na mipango yake.

Upo upinzani mmoja ambao sitaupuuza. Timu inayotaka ubingwa wa dereva kwa gharama yoyote itazitoa pointi za timu bila kusita, kwa sababu dunia humkumbuka dereva zaidi. Kwa hiyo kiwango kiwe kinapanda: 10 kwa injini ya kwanza ya ziada, 20 kwa ya pili, 40 kwa ya tatu, na gharama ya kila injini ya ziada ihesabiwe ndani ya kikomo cha matumizi, iwe iliharibika au la. Kufikia injini ya tatu hakuna timu itakayoona ni bei nafuu. Kwa dereva mwenyewe kibaki kitu kimoja tu: injini ikibadilishwa baada ya kufuzu, aanzie njia ya gereji kama ilivyo sasa, ili mtu asifuzu na injini hii akakimbia na ile.

Na kuhusu ajali, nirudi 2021 kwa mara ya mwisho. Injini moja ya Verstappen iliharibiwa na ajali ya Silverstone, ile ambayo Hamilton alihukumiwa sekunde 10 kwa kuisababisha, na Hamilton huyohuyo akashinda mbio zile. Injini ya Pérez iliharibika kwenye kona ya kwanza ya Hungaria, Bottas alipokosea kufunga breki na kuwasukumia wenzake. Baadaye Verstappen alianzia mwisho Sochi na Pérez alianzia njia ya gereji Zandvoort. Waliogonga waliadhibiwa mara moja, waliogongwa wakalipa mara mbili. Hapa hakuna haja ya kuchunguza nia ya mtu wala kubishana na wahandisi, kwa maana wasimamizi wameshaamua siku ileile nani alikuwa na kosa. Hukumu ikishasomwa, injini ya aliyegongwa itolewe kwenye hesabu, na kama ni lazima iandikwe mahali, iandikwe kwenye mgao wa timu iliyogonga. Kwa kipimo hicho Red Bull ya 2021 isingekatwa hata pointi moja.

Kinachobaki kigumu ni timu zinazonunua injini kwa wengine. Williams hawatengenezi injini; wanafunga wanayoletewa na Mercedes. Ikifa, kuwakata wao pointi ni kurudia dhuluma ileile ngazi moja juu. Kwao ningeona ni haki kiwanda kilete injini mbadala bila malipo, gharama yake iingie kwenye kikomo cha kiwanda, na pointi zikatwe kwa timu ya kiwanda chenyewe. Najua viwanda vitapiga kelele na kusema mteja ataichezea injini kwa makusudi ili kumuumiza muuzaji. Lakini kila injini ya Langalanga inatoka kiwandani pamoja na wahandisi wa kiwanda, ambao wanakaa nayo gereji ya mteja wikendi nzima na kusoma kila joto na kila mzunguko wake. Hakuna anayeijua injini ile kuliko wao.